Marehemu wa Kwenye Televisheni

Krushaka, 10 Oktoba 1993

Shemeji Stamen,

Usishtuke kuona mwandiko umelala kama mlevi mtaroni. Ni mimi mwenyewe, Gencho. Zamani mimi nilikuwa nasema, Donka anaandika, na njiani anapunguza. Dada yako alikuwa hodari wa kupunguza. Nikisema nguruwe kilo mia tatu, yeye anaandika mia na arobaini. Sasa hakuna wa kupunguza, kwa hiyo kanunue miwani.

Mimi nipo. Zabibu nimekwisha kamua, peke yangu, kwa siku mbili, kazi ambayo watu sita wanaifanya wiki nzima. Divai imetoka nyeusi mpaka Padri ameniomba niichanganye na maji ndipo aione glasi. Nguruwe pori mmoja aliingia shambani, mkubwa kama trekta la ushirika. Sikuwa na bunduki. Nilimtazama tu. Akarudi alikotoka, na nadhani aliomba radhi.

Haya, sasa la maana. Tarehe kumi na moja Desemba Donka anatimiza mwaka. Ule msalaba wa mbao umeinama upande wa makaburi ya akina Tsanko, kama vile anawasikiliza wanachosema. Udongo umeshatulia, naenda kuukanyaga kila Jumapili, haubonyei tena. Uliahidi jiwe. Wewe ndiye fundi wa mawe Vratsa nzima, sitaki kumpa mwingine. Weka majina mawili kama watu wote wanavyoweka: lake na langu. Langu mwaka wa kufa uache wazi. Ila acha nafasi ya kutosha, bwana, maana mimi mwaka elfu mbili nitauvuka nikiwa natembea.

Nisisahau. Jirani yangu Penka amenunua televisheni ya rangi, na upepo kila siku unamgeuzia antena. Nani wa kupanda juu ya paa? Mimi. Saa kumi na mbili jioni wanakusanyika pale wanawake saba kuangalia tamthilia moja ya Venezuela. Wanalia, Stamen! Wanawake ambao wamechinja nguruwe tangu wana miaka kumi, wanamlilia mpishi wa watu wasiowajua kwa sababu anakohoa. Mimi nakaa pale kuikagua picha tu. Nikikuta imetulia, naikagua mpaka mwisho.

Msalimie Velika. Mwambie wewe humfai, lakini sasa amechelewa.

Shemeji yako,
Gencho

*

Vratsa, 18 Oktoba 1993

Gencho,

Barua nimepata. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiondoa uongo. Imebaki nusu ukurasa.

Jiwe lipo. Nililiweka pembeni tangu Machi, jeupe, halina mshipa. Upana sentimita themanini. Majina mawili yanaingia vizuri. Nitaleta mwenyewe kwa lori la mwanangu tarehe kumi na moja Desemba, asubuhi, kabla ya ibada. Nitumie picha yake na yako, zichomwe kwenye vigae vya mviringo. Yako usitume ile ya kofia.

Kuna neno nimekaa nalo miezi kumi, nalitoa sasa nisije nikalichonga kwa bahati mbaya. Siku tuliyomzika Donka, kwenye chakula, ulisimama ukasimulia hadithi yako ya punda wa jeshini. Ile ndefu. Watu walicheka. Mke wangu alicheka, leso ikiwa bado mkononi. Nikakutazama nikasema, sasa hivi atalia. Hukulia. Kaburini hukulia, nyumbani hukulia. Jicho lako lilikuwa kavu kama tumbaku iliyoanikwa.

Yule alikuwa dada yangu wa pekee. Umeishi naye miaka arobaini na sita.

Basi. Nimesema. Majina mawili ni majina mawili, kazi nitaifanya.

Stamen

*

Krushaka, 7 Novemba 1993

Shemeji,

Umenipiga, na umepiga vizuri. Fundi mawe mkono wake hauwi mwepesi hata kwenye karatasi. Ila nikuulize: wewe ulilia kiasi gani? Mimi nilikuona. Ulilia kidogo, ukaangalia saa, ukalia tena kidogo. Sikukuandikia barua.

Tuyaache. Jana ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nimechemsha mwenyewe ngano ya kuwakumbukia marehemu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nimeweka sukari, jozi, kila kitu. Imetoka ngumu kama risasi za kupigia ndege. Wanawake makaburini walionja, wakasema Mungu amrehemu, wakaitema nyuma ya mti. Padri alitafuna mpaka mwisho, maana yeye kazi yake ni kuvumilia.

Kwa Penka siendi tena. Antena imepona.

Picha nimefunga humu ndani. Yangu sina isiyo na kofia, nimemwambia mpiga picha wa mjini aifute kofia kwa kalamu. Sasa naonekana kama nimetoka gerezani, lakini macho ni yale yale yaliyomvutia dada yako.

Jambo moja tu. Ukisikia neno lolote kutoka huku kwetu, usilifungulie mlango. Unaijua Krushaka mvua zikianza. Mashamba hayaendeki, watu wanakaa kilabuni wanachambuana.

Gencho

*

Vratsa, 21 Novemba 1993

Kwa Gencho, Krushaka.

Alhamisi nilikuwa stendi kumpokea Velika. Akashuka Mincho, yule mwuza mishumaa wa kanisa lenu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, “Pole, Stamen. Sisi wote tunakuonea huruma.”

Nikamwuliza, “Mwaka unakaribia kutimia, pole ya nini tena?”

Akasema, “Pole ya Rufina.”

Nikasema Rufina ndiye nani. Akaangalia chini. Ukiona Mincho anaangalia chini, ujue ana furaha.

Amenieleza. Kwamba Jumamosi ya wafu ulimpa Padri karatasi ya majina ya marehemu wako. Kwamba Padri alisoma mbele ya watu wote: Donka, Rufina. Kwa pumzi moja, moja baada ya jingine, kama ndugu. Kwamba siku kadhaa kabla ulionekana unatoka uani kwa watu umevimba macho. Kwamba kilabuni walikuuliza huyo Rufina ni nani, na wewe hukukana. Ulikohoa. Halafu glasi zilipoongezeka na maelezo yakaongezeka. Wa Vidin. Mshonaji. Ana cherehani dirishani, panapoonekana mto. Mwaka hamsini na sita mpaka sitini na tatu, wakati dada yangu akijua uko kwenye mkutano wa ushirika.

Kwa hiyo machozi unayo. Yalikuwa na mwenyewe tu.

Velika sijamwambia. Anamsifu Donka kila siku kwamba aliolewa na mtu mwenye raha. Sitaki aibu hii iingie nyumbani kwangu.

Jiwe nimemaliza. Jina moja. Nimeliweka katikati, limekaa vizuri kuliko mawili. Picha yako nakurudishia. Wewe kazikwe Vidin.

Tarehe kumi na moja nitakuja, kwa ajili yake. Utasimama upande wa pili wa kaburi na hutanisemesha.

Stamen

*

Krushaka, 25 Novemba 1993

Stamen,

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na utani, nimeitia jikoni. Ya pili nilikutukana, nayo nimeitia jikoni, na ilishika moto vizuri zaidi. Hii ya tatu nataka kusema mambo yalivyokuwa. Sijazoea. Nivumilie.

Rufina hayupo. Vidin hajafika, hata Bulgaria hii hajawahi kukanyaga. Ni yule mpishi wa kwenye tamthilia, anayekohoa. Nilikutajia.

Umeshacheka? Haya, endelea kusoma.

Ilikuwa kipindi cha mia moja na kumi na mbili. Ndiyo, namba naijua. Rufina yuko kitandani, amekwisha. Pembeni amekaa binti wa nyumba hiyo, Marisela, ambaye Rufina amemlea tangu ana meno mawili. Bibi wa watu anaanza kumweleza mambo. Kwamba sukari iko kwenye kopo la buluu. Kwamba ufunguo wa kabati la shuka uko chini ya chungu cha maua. Kwamba baba yake asipewe maharage jioni. Na yule binti anafanya nini? Anasema, “Nyamaza, mama, utapona, utafanya mwenyewe.” Halafu anageuza uso ukutani!

Shemeji, sijui nani aliniinua. Nimeshtukia nimesimama katikati ya sebule ya Penka, napiga kelele, “Msikilize, we punguani! Chukua kalamu uandike!”

Wanawake saba wakanigeukia. Penka akasema, “Kaa, Gencho. Hakusikii yule.”

Nikamwambia, “Najua hanisikii! Ndiyo maana napiga kelele!”

Basi nikakaa, nikalia. Na usidhani chozi moja lililoteremka kwa heshima. Nililia kama ndama aliyetengwa na mama yake. Penka alinipa taulo la vyombo. Baada ya lile akanipa jingine. Mwishowe mmoja wao akazima televisheni, na kwa wale wanawake kuzima televisheni katikati ya kipindi ni kama kusimamisha mazishi.

Sasa nikwambie ya hospitali, ambayo sijamwambia mtu.

Siku nne kabla hajafa, Donka alikaa akaegemea mto, akaanza kunieleza. Chumvi kiasi gani kwenye pipa la kabichi. Mbegu za pilipili za baba yenu ameziweka wapi. Yule mbuzi mwekundu anakamuliwa kutoka upande gani ndiyo asipige teke. Nikaona, huyu ananiaga. Nikaogopa. Mimi ambaye kila mtu anajua simwogopi mtu. Basi nikamkatiza, nikaanza hadithi ya punda, nikidhani akicheka ataacha kuaga. Akacheka. Alikuwa ameisikia labda mara mia nne, lakini alicheka, halafu akachoka, akalala. Kesho yake hakuweza kusema tena.

Mbegu mpaka leo sijazipata. Nyumba nimeipindua. Kabichi ya mwaka huu imeoza pipa zima, jirani wamenifungia madirisha. Mbuzi nimemuuza.

Na pale kwenye chakula cha mazishi nilisimulia punda kwa sababu ndicho kitu cha mwisho kilichomchekesha. Nilitaka watu wakisikie. Wewe uliona jicho kavu. Mimi nilikuwa nashikilia meza kwa chini.

Kuhusu lile jina. Kipindi cha mia moja na kumi na tatu, Stamen, kesho yake tu, wamefanya harusi! Wanacheza, wana maua vichwani, na hakuna hata mmoja aliyemtaja yule mama. Nilikaa na hilo. Nikajisemea, huko kwao nani atamchemshia ngano? Nilipokuwa naandika karatasi ya Padri nikaandika Donka, mkono haukusimama, nikaandika na yeye. Karatasi ilikuwa ndogo, wakakaa mstari mmoja. Kosa langu ni hilo.

La. Kosa langu ni kilabuni. Mincho aliponiuliza mbele ya wanaume wote, njia zilikuwa mbili: niseme nimelilia televisheni, au nikohoe. Nikakohoa. Wao wenyewe wakajaza. Kwa glasi ya pili nikawapa Vidin. Kwa ya tatu nikawapa cherehani. Wakawa wananitazama kama kijana, na mimi nikaona raha. Sikumfikiria Donka dakika ile. Hapo unayo haki ya kunipiga kwa nyundo.

Wale wanawake saba wanajua ukweli wote. Niliwaapisha kwa mkate na chumvi wasiseme kwamba nimelia, na wameshika kiapo. Kijiji hiki siri haijawahi kulala usiku mmoja. Hii imelala wiki tatu, na imeniua.

Niweke kwenye jiwe, Stamen. Siombi kitu kingine. Mimi sina mtoto wa kunisimamishia langu. Nikizikwa pale bila jina, watu watapita watauliza, “Huyu Donka amelala na nani?” Na Mincho atawajibu.

Gencho

*

Vratsa, 29 Novemba 1993

Gencho,

Nakujua tangu mwaka arobaini na sita. Umenisimulia ulivyomnyoa jenerali huku amelala. Umenisimulia samaki wa Danube aliyekuvuta na boti mpaka upande wa Rumania, akakurudisha.

Kati ya yote hayo, hii ya mpishi wa televisheni ndiyo mbaya kuliko zote. Hata hukujitahidi. Na kumtia dada yangu na hospitali humo ndani ili iaminike, hilo sikulitegemea hata kwako.

Jina ni moja.

Stamen

*

Krushaka, 2 Desemba 1993

Stamen,

Maisha yangu yote nimesema uongo ukaaminika. Ya kweli nimesema moja, na imekataliwa. Sawa, ni haki.

Usiniamini mimi. Mwulize Velika. Usimwambie mambo ya Vidin, usimwambie ya Padri, usimwambie habari yangu yoyote. Mwulize maneno matatu tu: Rufina ni nani?

Halafu fanya utakavyo.

Gencho

*

Vratsa, 6 Desemba 1993

Gencho,

Jana jioni Velika alikuwa jikoni anakata vitunguu majani. Nilisimama mlangoni. Sikuwa nataka kuuliza. Niliogopa atasema, “Aa, yule wa Vidin,” na kwamba dunia nzima inajua isipokuwa mimi.

Nikauliza, “Velika, Rufina ni nani?”

Akaweka kisu chini. Akakaa kwenye kiti. Akaanza kulia.

Nikadhani kitunguu. Hakikuwa kitunguu.

Akasema, “Nani amekwambia amekufa?” Kisha akanisimulia kuanzia kipindi cha kwanza. Chakula cha jioni hakikupikwa. Alipofika pale pa kopo la sukari na ufunguo, akapiga meza kwa kiganja, akasema, “Na yule mpuuzi anageukia ukuta!” Maneno karibu yale yale uliyoandika wewe. Nilikwenda kuchukua barua yako mfukoni mwa koti, nikaisoma tena, kwa mkupuo mmoja, bila kuondoa kitu. Halafu nikampa asome.

Amesoma. Amesema mimi ni mtu wa mawe na akili yangu ni ya mawe. Amesema tangu Juni analia kila siku saa kumi na mbili mpaka saa moja kasoro, na mimi niko karakana chini yake, sijawahi kujua.

Ni kweli sijawahi.

Usiku mzima sikupata usingizi, lakini hilo si lako.

Leo asubuhi nimelirudia jiwe. Jina lake liko katikati, kulisogeza haiwezekani. Lako nimelichonga chini yake, herufi kubwa sawa na zake. Inaonekana kana kwamba amekaa mabegani mwako. Velika amesema ni sawa hivyo, ndivyo mlivyoishi. Picha nirudishie, hata ile ya gerezani.

Sasa jambo la kazi. Mwaka wako wa kufa sijachonga, nafasi ipo. Mwaka wa kuzaliwa pia sijachonga, kwa sababu sijui niandike upi. Kwenye harusi ulisema 1919. Kwa watu wa pensheni ulisema 1920. Mwanangu alipokuwa mdogo ulimwambia ulizaliwa kabla ya reli. Nipe mmoja, wa kweli. Nikishautia patasi siwezi kuufuta.

Jibu haraka, kabla ya Ijumaa.

Stamen

*

Krushaka, 8 Desemba 1993

Shemeji,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ikufikie leo.

1924.

Nilipokuja Krushaka kutoka ng'ambo ya mlima nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na Donka alikuwa na ishirini na minne, na alikuwa amekwisha sema mbele ya wenzake kisimani kwamba hataolewa na mtoto. Basi nikajiongezea mitano. Baadaye alikiona kitambulisho changu. Nikamwambia karani alikuwa mlevi. Akanitazama, akakirudisha kwenye droo, hakuuliza tena. Sijui kama aliniamini. Miaka arobaini na sita nilikuwa nasubiri aniulize.

Ukichonga, atajua.

Chonga.

Gencho